Halizimi, Linazimia

Jumatatu, 3 Machi

Mvua imeanza leo, na gari limezima leo. Nimemsimulia mume wangu mara tatu mezani, na mara ya tatu akaweka kijiko chini akasema kwa ule upole wake, "Mke wangu, mengine yaandike." Haya, nayaandika.

Mimi ni mwalimu wa udereva. Shule yangu ni gari moja dogo la bluu, lenye kibao cha L juu ya paa na pedali za ziada upande wa abiria. Huko ndiko ninakokaa mimi, mguu juu ya breki kama paka anayevizia panya. Gari si langu bado. Nimelikodi kwa wakala wa magari kwa mkataba mrefu, nalipa kila mwezi bila kusukumwa, na mkataba unaisha mwisho wa Mei. Hapo watalikagua. Wakilikuta zima, linakuwa langu. (Zima la uzima, si zima la kuzimika. Kiswahili nacho kina visa.) Wakilikuta limeharibika kwa matumizi yangu, wanalichukua, na gharama za kulitengeneza zinanifuata nyumbani. Bila gari hakuna shule. Nitakuwa mwalimu wa udereva anayekwenda kwa miguu.

Sasa leo muuguzi, mwanafunzi wangu makini kuliko wote, alikuwa anapanda kilima cha hospitali. Mvua ilikuwa imekolea. Ghafla gari likakata moto. Usukani ukawa mzito, wipa zikasimama katikati ya kioo. Kabla sijafungua mdomo, likawaka tena lenyewe na kuendelea na safari, kana kwamba halijafanya kitu.

"Mwalimu, nimekosea nini?" akauliza.

Hakukosea kitu. Mwanafunzi akikosea najua. Mguu wangu unajua kabla yangu.

Jumanne, 4 Machi

Nimelipeleka kwa wakala. Leo, bila shaka, jua kali.

Ukumbi wao wa mbele unang'aa hadi unaona haya kukanyaga. Magari mapya yamepangwa humo yakinukia plastiki, na kuna kochi la ngozi kwa ajili ya mtu anayenunua. Aliyekwisha kununua au kukodi anapitia nyuma, kwenye dirisha dogo na benchi la chuma. Nyuma ya dirisha yuko bwana mmoja wa mapokezi, tai imebana, tabasamu halimtoki, na kila mteja akiondoka humwambia, "Karibu tena." Gereji! Nani anataka kukaribishwa tena gereji? Nimempa jina papo hapo: Bwana Karibu Tena.

"Tatizo nini, mama?"

"Linazima."

"Linazima," akarudia huku akiandika. "Liache. Tutakupigia."

Alhamisi, 6 Machi

Amepiga. Wameliwasha asubuhi wakaliacha lingurume hadi mchana, wameliunganisha na kompyuta, wamelizungusha mtaa. Halizimi. "Hatukuona tatizo, mama. Karibu tena."

Jumamosi, 8 Machi

Nina mwanafunzi mpya. Mama mkwe.

Niseme ukweli, nilipoona amesimama mlangoni kwangu na mkoba wake nilidhani amekuja kukagua jiko. Huyu ni mkunga mstaafu. Maisha yake yote ameamrisha watu wasukume, na hajapata habari kwamba amestaafu. Akaketi akasema: "Mkwe, nataka leseni. Nimechoka kuomba lifti kwa watu wanaonifungulia mlango wa nyuma kama mzigo."

Marehemu baba mkwe alikuwa na gari. Katika ndoa yao yote hakuwahi kumwachia usukani hata wa kulirudisha nyuma uani. Hilo alilisema mara moja tu, haraka, kisha akaniuliza kwa nini mapazia yangu ni mafupi.

Tukaenda kwenye uwanja wazi nyuma ya maghala. Akafungua mlango wa dereva, akavua viatu, akavipanga chini kwenye lami, akaingia.

"Mama, viatu."

"Ndiyo, nimevivua."

"Mbona?"

"Si kuna zulia? Nitaingiaje na viatu kwenye zulia la watu?"

Nikamwambia kwamba gari si sebule. Akanitazama viatu vyangu vya soli nene vilivyokuwa juu ya zulia. Basi akaendesha miguu mitupu. Nilikanyaga breki yangu mara nyingi hadi paja likaniuma. Tulipomaliza akanigeukia.

"Mkwe, leo nani kaendesha? Mimi au mguu wako?"

"Ndivyo inavyofundishwa, Mama."

"Sikuuliza inavyofundishwa."

Tukarudi kuvichukua viatu vyake. Vilikuwa vimetungoja palepale kwenye lami, vimekaa sambamba.

Jumanne, 11 Machi

Manyunyu siku nzima. Halikuzima. Nimekaa roho mkononi bure.

Jumamosi, 15 Machi

Somo la pili la Mama. Gia anaziingiza kama anayefunga mlango wa chumba cha mtu mgonjwa, taratibu, hadi unasahau kwamba imeingia. Sikutegemea. Ila kona anazikata mapema mno, na mguu wangu haukupumzika. "Nani kaendesha leo?" akauliza tena.

Nilimrudisha kwake mimi nikiendesha, yeye upande wa abiria, mvua inanyesha kwa hasira. Alikuwa amevaa soksi zake nene za kijivu, na ule mpira wa kukanyagia alikuwa ameukunja akautupa kiti cha nyuma kwa sababu, anasema, unanuka. Nusu ya njia akaanza:

"Gari lako lina unyevu."

"Ni mvua, Mama."

"Mvua iko nje. Soksi zangu ziko ndani."

Huyu mama atakuta kasoro hata peponi. Nikawasha hewa ya moto ielekee chini, nikapandisha sauti ya redio kidogo.

Jumatano, 19 Machi

Limezima mara mbili, zote mvua ikinyesha, zote nikimfundisha kinyozi. Kinyozi huyu ni mtu wa maneno mengi, ananyoa nusu ya mtaa wetu, na kesho nusu ya mtaa itajua kwamba gari la mwalimu ni bovu. Nimelirudisha kwa wakala kabla hajapata kichwa cha kwanza.

"Linazima," nikasema.

"Kama mara ile?"

"Kama mara ile."

Bwana Karibu Tena alitabasamu, lakini safari hii aliangalia nyuma kidogo, kule mafundi waliko, kabla ya kuandika. Kulikuwa na jua. Nimeanza kulichukia jua.

Ijumaa, 21 Machi

Hawakuona tatizo.

Jumamosi, 22 Machi

Leo limezima Mama akiwa ndani, upande wa abiria, mimi nikiendesha kumrudisha kwake. Mvua ilikuwa inapiga paa hadi tunapiga kelele kusikilizana. Likakata, wipa zikasimama, kisha likarudi. Mimi nikaapa kidogo. Mama yeye hata hakushika mkanda. Aliinama akaitazama dashibodi kwa muda, macho madogo.

"Umewaambia nini hao wa gereji?"

"Kwamba linazima."

"Wewe nawe. Halizimi hili. Linazimia."

"Ni yale yale, Mama."

"Si yale yale hata kidogo! Kinachozima kimezima, mpaka kiwashwe. Anayezimia anapoteza fahamu, uso unafifia, kisha anaamka mwenyewe na kuuliza yuko wapi. Nimewashika wengi wakianguka, namjua mtu anayezimia. Tazama hizo taa za dashibodi. Zilififia kwanza. Na hizo wipa zinahusiana nini na injini, mpaka zisimame nazo?"

Nilicheka. Jioni nilimsimulia mume wangu naye akacheka. Sasa ninapoandika sicheki sana, maana taa zilififia kweli.

Halafu akasema soksi zimelowa tena. Nikampa mfuko wa plastiki avae kila mguu. Amenuna hadi kwake.

Jumatatu, 31 Machi

Mvua kila siku wiki hii. Limezimia mara tano. Naandika "limezimia", Mama asije akasikia.

Muuguzi ameomba kusubiri mpaka kiangazi. Si kwa ubaya, anasema, ila usiku anaota wipa zimesimama. Nimemwambia hakuna neno. Lipo neno. Wanafunzi wanne wameondoka mwezi huu, na shule yangu haina mlango mwingine wa kuingilia watu ila mlango wa gari hili.

Jumanne, 8 Aprili

Leo nimeogopa, na mimi si mtu wa kuogopa.

Kinyozi alikuwa anaingia kwenye mzunguko mkubwa wa barabara, ule wenye njia tatu. Mvua ilikuwa ya kawaida tu. Aliingia vizuri, nafasi nzuri, kasi nzuri, mpaka nikataka kumsifu. Gari likazimia katikati. Safari hii halikuamka. Lori la mchanga lilikuwa linakuja upande wangu, nikaliona pua yake kubwa kupitia kioo changu, nikasikia honi, nikakanyaga breki ambayo haikuwa na kazi yoyote maana tulikuwa tumekwisha kusimama. Nilikanyaga hivyo hivyo, mguu umekaza kama chuma. Dereva wa lori alikata kushoto, akapanda ukingo, akapita. Nafasi iliyobaki ungeweza kuijaza kwa kitabu cha simu.

Kinyozi alishika usukani akiangalia mbele. Nikamshika bega nikamwambia, "Umeendesha vizuri. Nisikilize. Wewe umeendesha vizuri." Kisha nikashuka kwenye mvua, nikasimamisha magari kwa mikono, watu wawili wakatusaidia kulisukuma kando.

Nilipofungua mlango tena lilikuwa limeamka. Taa zote zinawaka, linanitazama.

Sikuliwasha. Nimeita gari la kuvuta mpaka kwa wakala. Bwana Karibu Tena alitoka nje kwenye mvua bila mwavuli. Nilimwambia mambo ambayo siyaandiki hapa. Alisimama akayapokea yote, tai inadondosha maji, na nilipomaliza hakusema karibu tena. Alisema, "Mama, pole. Umeumia?"

Ijumaa, 11 Aprili

Wameona tatizo. Afadhali wasingeona.

Meneja mwenyewe ndiye aliyenipokea, kwenye kochi la ngozi, nikajua papo hapo kwamba habari ni mbaya. Fundi amefungua chini ya zulia upande wa abiria akakuta nyaya zimeliwa na kutu. Kuna maji yaliingia. Meneja alizungumza polepole kama anayemfundisha mtoto kuhesabu:

"Gari limepita kwenye mafuriko, mama. Maji yamepanda kutoka chini. Hayo kwa mujibu wa mkataba ni matumizi mabaya."

"Sijapita kwenye mafuriko. Mimi nafundisha watu wasipite kwenye mafuriko."

"Labda mwanafunzi wako mmoja."

"Mwanafunzi wangu hapiti kokote bila mguu wangu."

Akatabasamu. Atangoja hadi ukaguzi wa mwisho wa Mei, anasema, lakini kwa hali hii nisiwe na matumaini. Nikamwambia anipe gari langu. Akasema, "Gari letu, mama."

Hilo neno limeniingia. Nimelitoa pale, wameunga zile nyaya kwa muda, nimeendesha hadi nyumbani na madirisha wazi kwa sababu nilikuwa nawaka moto. Nataka liwe langu. Sitaki jipya wala zuri zaidi. Nalitaka hili, na shule yangu ndani yake, na nitalipata.

Jumamosi, 12 Aprili

Nilitaka kuahirisha somo la Mama. Akaja kwa miguu chini ya mwavuli.

Hakuniuliza chochote mpaka tulipomaliza uwanjani. (Kona zimenyooka. Breki yangu nimeigusa mara mbili tu, moja kwa mazoea.) Wakati wa kurudi nikamsimulia habari ya mafuriko. Alisikiliza huku ameinama, anakamua soksi yake dirishani.

"Imelowa tena?" nikauliza, sijui kwa nini.

"Nimekwambia tangu mwezi uliopita. Vidole, si kisigino. Kisigino kikavu kabisa, shika."

"Mama, ninaendesha."

"Na huko kwako je, kwa dereva? Nikikaa huko miguu mitupu, pakavu kama mkeka. Nikihamia huku, nalowa vidole. Ni mvua gani hiyo ya kuchagua kiti?"

Nilisimamisha gari. Nilisimamisha kweli kweli, kando, nikawasha taa za tahadhari, nikamgeukia. Mafuriko yanapanda sakafuni. Yangelowesha pande zote mbili, na kisigino kwanza, maana kisigino ndicho kiko chini. Maji yanayolowesha vidole yanatoka mbele na juu. Na upande wa abiria mbele na juu kuna kitu kimoja tu ambacho gari jingine la aina hii halina.

Pedali zangu.

Miaka yote nimekaa pale juu ya mpira, ndani ya soli nene. Mwenye adabu ya kuvua viatu ndiye aliyejua, naye nilimpa mifuko ya plastiki. Niliona haya, nikamwambia hivyo.

"Hiyo haya iweke baadaye," akasema Mama. "Wanafungua lini hao?"

Jumatatu, 14 Aprili

Nitaandika yote, hata mkono ukiuma.

Tulifika kwa wakala wanafungua mlango. Hatukupita nyuma. Tulipita mbele, kwenye ukumbi unaong'aa, na Mama akavua viatu mlangoni akavipanga kando ya gari jipya jeupe. Mnunuzi mmoja akaanza kuvua vyake pia, mkewe akamshika mkono.

Meneja alitoka na tabasamu lake. Nikamwambia sitaki maneno, nataka gari likaoshwe. Pale uani mwao kuna sehemu ya kuoshea magari, yenye bomba refu. Limwagiwe maji juu ya kioo cha mbele na boneti, kama mvua, injini ikiwaka, na mtu akae upande wa abiria.

"Kwa sababu gani, mama?"

"Unaogopa maji?"

Wateja wawili kwenye kochi wakageuza shingo. Meneja akatazama saa yake, akaona afadhali amalize haraka. Tukaenda uani. Bwana Karibu Tena akatufuata bila kuitwa, na wale wawili wa kochi nyuma yake.

Mama akafungua mlango wa abiria, akatoa ule mpira wa kukanyagia, akaukabidhi kwa fundi. Nilidhani ataingia yeye. Akamgeukia meneja.

"Ingia, mwanangu. Vua viatu."

"Mimi?"

"Maji umeyaona wewe. Viatu, mwanangu. Kuna zulia."

Sijui alikuwa na sauti gani wodini miaka ile, lakini niliisikia leo. Meneja akavua. Soksi ya mguu wa kulia ilikuwa na tundu, na kidole gumba kilichungulia nje kuona kuna nini. Mafundi wakaangalia pembeni kwa adabu. Akaketi. Mimi nikakaa kwa dereva nikawasha gari, bomba likafunguliwa.

Maji yaliteremka kwenye kioo. Niliwasha wipa. Tukakaa, mimi na yeye, kama watu wawili wanaosubiri somo lianze. Kisha nikaona bega lake likinyanyuka. Akavuta miguu nyuma.

"Vipi?" nikauliza.

Akaziinamia soksi zake.

"Vidole au kisigino?"

"Vidole," akasema kwa sauti ndogo.

Nikamwambia bado tungoje. Bomba likaendelea. Taa za dashibodi zikafifia, kidogo kwanza, halafu zote; wipa zikasimama katikati; injini ikanyamaza. Meneja alishika mkanda wake kama yuko kwenye mzunguko ule, lori linakuja. Nilitaka alione lori lile. Nadhani aliliona.

"Hilo halizimi," Mama akasema kutoka nje, akipiga kelele ishinde maji. "Linazimia!"

Fundi aliyekuwa ameshika mpira aliinua kichwa. "Linazimia? Yaani umeme wote unakata halafu unarudi?" Akaweka mpira chini. "Sisi tuliambiwa linazima. Tulikuwa tunatafuta tatizo kwenye injini." Akapiga magoti, akafunua zulia, akaingiza mkono juu nyuma ya pedali zangu, akautoa umelowa hadi kiwiko. Kuna tundu. Limetobolewa kwenye ukuta wa chuma kupitishia kebo ya pedali, na kizibo chake cha mpira hakikuwekwa. Maji ya kioo yanaingia hapo, yanafuata kebo, yanadondokea kwenye fundo la nyaya.

Meneja bado alikuwa ndani, soksi zinachuruzika. Lakini mtu akizoea kukana hakosi njia. Akasema, "Pedali ni kifaa cha ziada. Hatujui nani alizifunga."

Hapo ndipo Bwana Karibu Tena alipojongea. Tabasamu lilikuwa limemwondoka, na bila tabasamu nilimwona kwa mara ya kwanza kuwa ni mtu wa makamo, amechoka.

"Zilifungwa hapa," akasema. "Siku moja kabla ya kumkabidhi huyu mama. Nakumbuka kwa sababu ni mimi niliyekuwa namharakisha fundi. Kizibo kilikuwa hakijafika kutoka stoo, nikamwambia afunge tu."

Meneja akamtazama kwa jicho la kufukuza mtu kazi.

"Ni kweli," akasema tena, safari hii kwangu. "Na kila ulipokuja nilitamani walione hilo tundu."

Mama akamwendea, akamshika mkono kwa mikono yake miwili, kama anavyowashika wazazi wapya. "Umefanya vizuri, baba," akamwambia. Kisha akamgeukia meneja: "Na wewe shuka, utapata mafua."

Alhamisi, 17 Aprili

Kizibo kimewekwa, nyaya zote mpya, zulia jipya, gharama kwao. Maneno ya mafuriko yamefutwa. Meneja amenipigia mwenyewe, anapendekeza nichukue gari jipya kwa mkataba mpya, masharti mazuri. Nikamwambia asante, ninalo.

Nilimwomba jambo moja: yule bwana wa mapokezi asiguswe. Akasema wateja wale wawili wa kochi wameshamwomba hilo hilo, na mmoja amenunua gari.

Jumamosi, 26 Aprili

Mvua ya kutisha. Halikuzimia. Mama kaingia barabara kuu kwa mara ya kwanza. Breki nimegusa mara moja, mbuzi aliruka. "Nani kaendesha?" "Mama, kulikuwa na mbuzi!" "Nilimwona kabla yako." Inawezekana.

Jumatatu, 5 Mei

Muuguzi amerudi. Kinyozi ametangaza habari ya tundu la soksi kwa kila kichwa anachonyoa, na wanafunzi watatu wapya wamekuja wakitaka kuona mahali meneja alipoketi.

Alhamisi, 22 Mei

Mtihani wa Mama. Mtahini hataki miguu mitupu, kwa hiyo kavaa raba nyeupe alizonunua jana, akazisugua soli kwa kitambaa kabla ya kuingia. Nilisubiri kwenye ukuta na mume wangu, ambaye aliuma kucha zote alizokuwa nazo kisha akaanza kuangalia zangu.

Amepita.

Alishuka, akanyoosha gauni, akasema mtahini ana kikohozi kibaya na amemwambia aende akapimwe. Baada ya hapo akaenda nyuma ya gari ambako hakuna aliyemwona ila mimi, akalia. Kidogo tu. "Angeniachia hata uani," akasema. Nilimshika.

Ijumaa, 30 Mei

Ukaguzi. Fundi yule yule, taa, breki, magurudumu, zulia. Amekandamiza kiganja chake upande wa abiria kwa muda mrefu. Pakavu. Meneja ametia sahihi kwa herufi kubwa.

Gari ni langu. Nimelizunguka mara mbili uani kwao kama mtu aliyepoteza kitu.

Nilipokuwa natoka dirishani, Bwana Karibu Tena alifungua mdomo, akajizuia. "Nenda salama, mama," akasema. "Usirudi." Tulicheka hadi watu wa benchi wakashangaa.

Jumamosi, 31 Mei

Mama kaja mchana kuomba ufunguo. Hakuomba, alinyoosha mkono. Anataka kwenda kumsalimu dada yake, na mimi nimsindikize kama abiria, kwa kuwa sasa si mwanafunzi. Kibao cha L nilikiondoa mwenyewe nikakiweka buti.

Mvua ilitukuta barabarani, ya mwisho ya msimu nadhani, imekuja na ubabe wote uliobaki. Niliangalia miguu yake: mitupu, viatu amevipanga kwetu mlangoni. Nikainama nikafungua kamba za vyangu, nikavua, nikavua na soksi. Nikaweka nyayo kwenye zulia, vidole mbele kabisa, pale pale. Pakavu.

Tulipita kilima cha hospitali. Tulifika kwenye mzunguko. Lori lilikuwa upande wangu, sijui kama ni lile, na Mama akalingoja, akaiona nafasi, akaingia, akatoka. Mimi nilikuwa nimekunja miguu kitini kama niko kwangu, natazama maduka.

Nje ya kwa dada yake aliegesha sambamba na ukingo, akavuta breki ya mkono, akakaa akisikiliza mvua juu ya paa.

"Mkwe," akasema. "Leo nani kaendesha?"

"Wewe, Mama."

Akatikisa kichwa kukubali, polepole. Kisha akalizima gari, kwa ufunguo, kwa mkono wake mwenyewe.